Unga Uliogoma Kuumuka

Naj Swalim,
Sohag.
Ijumaa, 12 Aprili 2019

Mpendwa kaka yangu Abdulradi,

Amani ya Mungu ikufikie huko Kuwait. Mgongo wako u hali gani? Ule mkanda aliokupa daktari unauvaa, au umeutupa uvunguni? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti langu linasumbua, ila naliburuta hivyo hivyo.

Najua umekaa roho juu tangu nilipokulilia kwenye simu. Tulia sasa, kaka. Sabrin harudishwi. Yuko kwa mumewe, na mama mkwe ndiye anayemng'ang'ania.

Siku ile nililia zaidi kuliko kusema, kwa hiyo nikueleze vizuri. Tangu mwanangu aingie kwa kina Hamdan kama bibi arusi, mkate wa jua wa nyumba ile uligoma. Mkwewe, Bi Hajati Fawkia, anakanda, anaanika madonge juani darini kwenye visahani vya udongo ili yaumuke, yanabaki yamelala kama ngozi. Na yeye ndiye mtaa mzima ulikuwa ukimwomba chachu! Akasema msichana ana jicho baya. Akamwamuru mwanawe Hamdan amrudishe kwetu kabla ya Ramadhani.

Mimi nilichoma shabu ya kufukuza jicho nikamzungushia mwanangu kichwani, nikamsihi afunge mdomo. Unamjua lakini. Ndiyo kwanza ameanza chuo, anasoma elimu ya viumbe, na mdomo haufungiki.

"Mama," alimwambia mkwewe, "hebu tulijaribu hilo jicho langu. Ukande wewe, mimi sigusi."

"Unanipa mtihani nyumbani kwangu, we mtoto?"

"Mtihani ni wangu, Mama. Jicho likiwa baya, nafunga mizigo mwenyewe."

Nilipoambiwa maneno hayo, kaka, nilikwenda kumtandikia godoro chumba cha nyuma.

Hajati akakanda unga, akaugawa. Nusu moja Sabrin akakaa nayo darini, akaikodolea macho mpaka Hamdan akamuuliza kama anaitongoza. Nusu nyingine ikaanikwa dari la jirani, asikofika. Zote mbili zikalala vilevile. Basi jicho halikuhusika.

Anasema chuoni wanafundishwa hivyo: ukiona jambo, uliza; ukikisia sababu, usiipende, ijaribu kwanza; na unapojaribu ubadilishe kitu kimoja tu, vingine uviache vilevile, la sivyo hutajua kipi kimefanya kazi. Mimi sikusoma, lakini hilo nimelielewa.

Akakisia maji. Wiki ya arusi ndiyo wiki bomba lilipoingia uani mwao. Pampu ya mkono ikaachwa, mtungi ukapinduliwa pembeni. Bibi arusi tulimwona sote. Bomba hakuna aliyelitazama. Kumbe maji yale yanatiwa dawa ya kuua vijidudu, na chachu nayo ni vijidudu hai vinavyopumua! Miaka yote hii nakanda, sikujua nafuga.

Wakakanda tena: donge la maji ya bomba na donge la maji ya pampu. Unga uleule, chachu ileile, mikono ileile ya Hajati, jua lilelile, na Sabrin akiyatazama yote. Adhuhuri, donge la pampu limefura kama shavu la mtoto. La bomba limelala.

"Bahati tu hiyo," Hajati akasema.

"Huenda, Mama. Turudie."

Wakarudia, likawa lilelile. Ndipo Hajati mwenyewe akauliza: na maji ya bomba yakilala mtungini wazi mpaka asubuhi, je, hiyo dawa haitoki?

"Sijui, Mama," mwanangu akasema. "Tujaribu."

Kaka, hilo neno "sijui" ndilo lililomlainisha yule mama. Wakajaribu, na mkate ukaumuka. Sasa anawaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyegundua! Sabrin ananyamaza. Hatimaye.

Jana Hamdan aliniletea mkate wa moto kutoka kwa mama yake, umefunikwa kitambaa cheupe. Nilikula nikilia, safari hii kwa furaha.

Msalimie wifi Sanaa, na mwanao Marwan apunguze mbio za hiyo baiskeli. Shangazi Zeinat anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu akulinde na jua la huko, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Lile godoro nililokuwa nimemtandikia Sabrin chumba cha nyuma nimelikunja. Nimeanika vitunguu humo.

Dada yako akupendaye daima,
Inshirah