Mashine Niliyoipeleka Mavunoni

S.L.P. 418,
Kitengela.
Jumanne, 10 Machi 2026

Mpendwa ndugu yangu Kiilu,

Habari ya siku nyingi huko Doha? Natumaini joto halijakumaliza. Sisi tuko, Mungu ametushikilia. Mama yuko Mashuuru, goti limepoa kidogo, na mbuzi wawili wamezaa.

Kwa simu ningekwambia tuko salama, kama kawaida yangu, ama ningelia tu. Ndiyo maana naandika barua, Dolphine wangu aipige picha akutumie leo. Naogopa, Kiilu. Naogopa kumpoteza mwanangu Lennox.

Mwaka jana alirudi kutoka chuo akasema wahadhiri wamegoma. Nikaamini. Kumbe mgomo uliisha zamani, na yeye hajafanya mtihani hata mmoja tangu aingie mwaka wa tatu. Alijifungia chumbani na gemu mchana kutwa, hedifoni masikioni. Chai naacha mlangoni, naikuta na utando. Nikimwita atoke aote jua, ni "niko sawa, Mum."

Mimi nikaona ugonjwa ni ile mashine ya gemu. Unajua hasira zangu. Jumapili ya mavuno, wengine wakibeba maboga na kuku, mimi nikabeba mashine mpaka madhabahuni. Ikapigwa mnada, Mzee Ondiek akaichukua, kanisa likapiga makofi. Nikarudi nyumbani natembea kwa madaha, woi!

Lennox hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Mum, hao wa kwenye gemu ndio watu walikuwa wananiuliza kama nimeamka." Kisha akalala akiangalia ukuta siku nne, hataki hata uji.

Nilimwendea Ondiek, akairudisha. Lennox hajaigusa. Sasa hata gemu hataki, na hilo linanitetemesha zaidi. Wiki jana alimpa Katoo, kijana wa jirani, viatu vyake vizuri na jaketi ya chuo. Nilipomuuliza, akasema yeye hatavihitaji.

Siku hiyo hiyo nilikimbia naye hospitali huko Kajiado. Daktari alimuuliza bila kuzunguka kama anafikiria kujiua. Mtoto wangu akaitikia kwa kichwa.

Amepewa dawa, na kila Alhamisi tunarudi kuongea na mshauri. Wanasema ni huzuni iliyogeuka ugonjwa, ilimwanza kabla ya gemu. Huko ndani ya gemu alikuwa anajificha tu. Tusimwache peke yake. Basi nafua nikimwangalia, napika nikimwangalia. Akichelewa kuitika, naacha sufuria nakimbia.

Kanisani bado wananisifu kwa sadaka ile. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, lakini mdomo umekuwa mzito kuwaambia.

Sasa nakuomba kitu. Usimpigie kumkanya, wala usitaje mitihani. Vijana unaokaa nao wanacheza hizo gemu, wakufundishe ucheze naye. Jina lake huko ndani ni Muteti07, jina la baba yetu.

Wasalimie Mbuvi na Kaveke. Mama anakusalimu sana, Dolphine pia. Mungu akufunike kazini na akurudishe kwetu mzima.

Na unisamehe, jana nilimdanganya mtoto. Nilimwambia mjomba Kiilu anataka kujifunza gemu. Akageuka kutoka ukutani akauliza, "Lini?" Ndilo swali la kwanza ameniuliza tangu mavuno. Nikasema Jumamosi, saa kumi.

Dada yako anayekupenda na kukutegemea,
Muthoki