Mwogeleaji wa Asprogiali

Charleville, Queensland, Australia
Mei 9, 1971

Kwa wifi yangu mpenzi Metaxia,

Kristo amefufuka! Nimechelewa kukupa salamu za Pasaka, lakini najua utazipokea hata zikiwa zimepoa. U hali gani? Goti lako je, bado linalia kila ukishuka ngazi za ufuko wa Asprogiali? Mbuzi wazima? Mimi huku ni mzima, ila mikono imekauka kwa kuosha vyombo vya mkahawa, na vumbi la mji huu tunalila pamoja na mkate.

Wifi, nina neno, na nimelizungusha mdomoni tangu Kwaresima. Yuko mtu anayeitwa Kosmas. Ni mjane, fundi seremala, mtu wa milima ya Arkadia. Hajawahi kulowa baharini zaidi ya magoti. Anakula kwangu kila siku, na siku hizi haulizi tena bei, anauliza kama nimelala vizuri. Anataka kunioa, na mimi nataka.

Ni miaka kumi na mitatu tangu kaka yako Minas avue viatu na shati juu ya jiwe pale Asprogiali, akaingia majini mchana kweupe, zile siku za mkosi za mwanzo wa Agosti ambazo mama mkwe alimkataza asiogelee, naye akacheka. Hatukumzika kwa kuwa hatukupata cha kuzika. Sasa Kanisa linataka neno la ndugu wa damu, lililotiwa sahihi mbele ya padri, kwamba Minas amekufa na hatarajiwi tena. Mama mkwe ametangulia. Umebaki wewe peke yako, wifi yangu. Nifanyie hilo.

Wifi yako akupendaye,
Diamanto

*

Kisiwa cha Kythira
Juni 20, 1971

Wifi Diamanto, mke wa kaka yangu,

Kweli amefufuka! Barua yako imenikuta mzima, goti limevimba kidogo, mbuzi mmoja kazaa mapacha. Namshukuru Mama Mtakatifu.

Sasa niambie, mtu wa Arkadia! Wanaume wote wameisha duniani hata ukaenda kuokota mtu wa milimani? Huyo siku ya harusi utamwogesha kwa kikombe? Nimecheka peke yangu mpaka mbuzi wakanitazama.

Halafu nikaacha kucheka. Diamanto, siwezi kutia sahihi, na nitakueleza sababu.

Tangu walipochonga barabara, wageni wanashuka Asprogiali kila siku. Nimejenga kibanda pale juu ya ngazi. Nauza maji ya limau, mayai ya kukaanga na mkate mkavu wenye nyanya. Wanabishana kutwa, huyu anasema maji ni ya buluu, yule anasema ni ya kijani, wakati sisi tulikuwa tunayaita maji tu. Wanaogelea mpaka lile jabali lenye tundu, wanalala kwenye kokoto nyeupe kama samaki wanaoanikwa, jioni wanapanda wamekuwa wekundu.

Msimu uliopita walianza kunisifia mvuvi wetu. Nikauliza, "Mvuvi gani?" Wakasema, "Yule anayetokea nyuma ya jabali saa sita, jua likiwa utosini. Ametuonyesha pale maji baridi yanapobubujika chini ya bahari." Wifi, chemchemi ile haionekani kwa mtu asiyezaliwa hapa. Na Asprogiali haina mvuvi. Mwaka huu wamemwona tena, watu wasiojuana, Wajerumani, Wafaransa, mzee mmoja wa Thesaloniki na mkewe. Wote wanasema ni mtu mwenye mabega mapana, haongei sana, na hawajamwona akitoka majini.

Utaniambia nitie sahihi kwamba hatarajiwi? Mimi ninamtarajia kila siku saa sita.

Wifi yako,
Metaxia

*

Charleville
Julai 6, 1971

Wifi Metaxia,

Salamu. Natumaini goti limetulia. Huku ni baridi, usiku maji yanaganda kwenye ndoo, lakini mchana jua ni lile lile.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikaipigiza mezani. Wageni wanakunywa divai tangu asubuhi, wanalala juani kichwa wazi, halafu unawauliza wameona nini! Wangekuambia wamemwona hata Mtakatifu Nikolaos amepanda pweza.

Swali langu ni moja. Wewe umemwona? Wewe mwenyewe, kwa macho yako mawili? Kama hujamwona, basi nitendee haki. Nina miaka arobaini na moja. Nilichagua mji huu kwa sababu bahari iko mbali, ni treni siku nzima na zaidi, na hata hivyo miaka ya mwanzo nilikuwa nikifungua bomba nashtuka. Sasa nimeacha kushtuka. Usinirudishe kule.

Wifi yako,
Diamanto

*

Kythira
Agosti 16, 1971

Wifi yangu,

Jana ilikuwa sikukuu ya Mama Mtakatifu, nimekuwashia mshumaa. Mimi mzima. Umeuliza kama nimemwona. Sijamwona. Nimekaa kwenye ngazi zile mpaka macho yakaniwasha, na sijamwona. Lakini sikia lililotokea wiki mbili zilizopita.

Kuna msichana wa Athene, Ersi, mwanafunzi, alikuja na wenzake wawili. Wenzake walipopanda kuja kula, yeye alibaki. Akaingia kwenye lile pango la chini ya mwamba, ambalo Minas mwenyewe alitukataza tulipokuwa wadogo. Unakumbuka jinsi maji yanavyovuta mle. Mimi nilikuwa nakaanga mayai. Nikamwona anapanda ngazi kwa mikono na miguu, magoti yanatoka damu, anatapika maji ya chumvi.

Nikamfunika taulo. Alipopata pumzi akasema, "Mama, yule mzee wenu ana matusi!"

"Mzee gani?"

"Aliyenitoa. Nilikuwa nampiga mateke kwa hofu, akanishika nywele akanifokea, 'Tulia, mbuzi wewe! Tulia nikupitishe!' Halafu akanisukuma mpaka kwenye kokoto. Nimegeuka nimshukuru, hayupo."

Nilikaa juu ya gunia la unga, mayai yakaungua. Diamanto, ni nani mwingine aliyekuwa akiita watu mbuzi? Alikuita wewe hivyo siku ya harusi yenu, mbele ya padri, ulipokanyaga shela. Msichana yule sijamtajia jina la Minas hata mara moja. Alilala kwangu siku mbili, akaondoka bila kuingia majini tena.

Sasa nikiweka sahihi kwamba kaka yangu amekufa, nani alimtoa Ersi pangoni? Nisamehe. Siwezi.

Wifi yako,
Metaxia

*

Charleville
Septemba 1, 1971

Metaxia,

Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, na wateja wamengoja.

Haya, tuseme ni yeye. Mbona basi hakuja nyumbani? Mimi nilikaa kwenye kibaraza kile miaka minne. Nilishuka Asprogiali masika na kiangazi, nikamwita mpaka sauti ikakauka. Hakunionyesha hata kisigino. Leo anawaonyesha Wajerumani chemchemi! Anawatoa wasichana wa Athene majini kwa nywele! Na mimi mkewe nisipewe hata tusi moja?

Wewe uko karibu naye, basi muulize. Ingia majini umuulize, mkewe amemkosea nini. Mpaka ulete jibu, sitakuandikia tena. Na Kosmas nimemwambia asiningoje.

Diamanto

*

Kythira
Oktoba 24, 1971

Wifi yangu Diamanto,

Pokea salamu zangu hata kama bado umenuna. Mvua ya kwanza imenyesha, mizeituni imeoshwa, na mimi nimepona mafua niliyoyapata kwa ajili yako.

Nimeingia. Unajua kwamba tangu siku ile sijatia hata mguu mle. Nilingoja siku isiyo na wageni, nikafunga kibanda, nikashuka mchana na gauni langu jeusi, kwa kuwa vazi la kuogelea sina na sitaanza uzeeni. Hakukuwa na upepo. Maji yalikuwa yametulia hivi kwamba niliona kivuli changu chini kwenye kokoto. Nikaogelea polepole mpaka kwenye chemchemi, nikausikia ule ubaridi unanishika miguu kama mkono.

Nikangoja. Hakuna mtu aliyekuja, wifi. Wageni wanamwona, mimi dada yake simwoni. Nikaona wivu, nikaanza kulia, kisha nikaanza kusema. Nilimwambia yote. Kwamba mama amekufa na alimtaja mwishoni. Kwamba Diamanto anauliza amemkosea nini. Kwamba anataka kuolewa na mtu mwema. Nikamwambia, "Hayuko tena kwenye kile kibaraza, Minas, usimtafute pale. Yuko Australia, mji wa Charleville, ana mkahawa wenye dirisha kubwa, na meza ya pale dirishani ndipo anapokaa akichoka." Yale yale uliyowahi kuniandikia. Nilisema mpaka meno yakagongana.

Lakini nilipokuwa natoka, ule ubaridi ulikoma. Nilirudi kupapasa kwa miguu pale pale, maji yalikuwa vuguvugu kama popote. Chemchemi haipo.

Wamekuja wageni wachache tangu siku ile, wa mwisho wa msimu. Kila mmoja namuuliza. Hakuna aliyeona mtu.

Jana nimeenda kwa padri nikatia sahihi. Karatasi iko njiani. Olewa, wifi yangu. Na huyo mtu wa milimani mwambie akikutesa nitakuja na fimbo ya mbuzi.

Wifi yako,
Metaxia

*

Charleville
Februari 20, 1972

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Kosmas. Tulifunga ndoa Januari baada ya sikukuu ya kubariki maji. Nilicheza mpaka kiatu kikavunjika. Nilikulilia, maana mahali pako palikuwa wazi. Mungu akulipe kwa ulilonifanyia.

Nilitaka barua hii iishie hapo. Lakini sina mwingine wa kumwambia.

Joto la huku sasa ni la kuua. Mchana tunafunga mkahawa, tunalala. Juzi niliamka mapema nikamkuta Kosmas anapiga deki ukumbini.

Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

"Nimemwaga maji."

"Kwenye nini? Mbona sioni glasi wala jagi?"

Nikatazama sakafu. Alikuwa hajamaliza. Kutoka mlangoni mpaka meza ya dirishani kulikuwa na nyayo, Metaxia. Za miguu mitupu, za mtu mzima, zimelowa chepechepe.

Nikasema, "Kosmas, hii ni mara ya ngapi?"

"Tangu wiki ya harusi. Si kila siku. Huja tukiwa tumelala. Huanzia mlangoni, huishia pale mezani."

"Halafu?"

"Halafu basi. Hazirudi."

"Na wewe umekuwa unafuta kimya kimya?"

"Nilifikiri utaogopa."

"Wewe huogopi?"

Akakamua kile kitambaa, akasema, "Mimi naogopa maji tangu utotoni, Diamanto. Ila haya ni machache. Haya ninayaweza."

Nilipiga magoti nikachovya kidole nikaonja. Ni chumvi, wifi. Mto wa hapa umekauka, ng'ombe wanakufa, na sakafuni kwangu kuna maji ya bahari. Yale ambayo Kosmas hakuyawahi yamekauka, yameacha alama nyeupe kwenye mbao. Nikaketi kwenye meza ile. Chini yake, miguuni, palikuwa na baridi. Nje ni joto la kuchoma mkate, na miguu yangu inakufa ganzi.

Sijui nimeogopa au nimefurahi. Nimekaa pale mpaka wateja wakagonga mlango. Kosmas amevuta kiti kingine, akaketi upande wa pili, na kati yetu akaacha kimoja wazi.

Niambie la kufanya. Tumwite padri? Tuhame?

Wifi yako,
Diamanto

*

Kythira
Machi 9, 1972

Wifi yangu, roho yangu,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Mimi mzima, na kama goti linauma sijalisikia.

Usimwite padri. Usihame. Nimewauza mbuzi wote, kibanda nimekifunga, ufunguo wa nyumba uko kwa padri huyo huyo aliyeshuhudia sahihi yangu. Wageni wakija kiangazi wajitafutie limau wenyewe. Maji ya Asprogiali yamebaki mazuri, ila ni maji tu.

Mimi ambaye sijawahi kuvuka zaidi ya bandari ya Neapoli hapo ng'ambo, nimekata tiketi ya meli inayotoka Pirea mwezi ujao. Jirani zangu wanasema nimepata wazimu wa uzeeni. Nimewaambia nakwenda kumtembelea kaka yangu, wakajipiga ishara ya msalaba.

Mwambie Kosmas nimemtukana bure na nitamwomba radhi kwa mdomo wangu. Ni mwanamume kuliko wengi wa pwani. Lakini mwambie kitu kimoja, wifi, na umsimamie. Hicho kitambaa akitupe. Mpaka nifike nizione kwa macho yangu mawili, sakafu ile asiipige deki tena.

Nakuja,
Wifi yako Metaxia