Kimya cha Rusana

Jumapili, 8 Novemba 1931

Arusi imekwisha, Mungu ashukuriwe. Nyumba nzima inanuka mvinyo na kondoo wa kuchoma. Kamen, mwanangu wa pekee, ameoa binti wa mlimani, Rusana. Leo asubuhi kanimiminia maji ya kunawa, kainama, kanibusu mkono – kimya. Velika, mke wangu, akacheka: kwao bado wanashika mila, bibi arusi hasemi na wakwe mpaka baba mkwe amfungulie kinywa. Huku mjini tuliiacha zamani. Na mimi niko katikati ya makala yangu juu ya neno lenyewe la bibi arusi, nevesta! Bahati iliyoje!

Alhamisi, 12 Novemba

Kalamu inakwenda vizuri. *Nevěsta, neno la Waslavi wa kale. Ile nyota mbele yake maana yake hakuna aliyewahi kulisoma popote. Tumeliunda upya kwa kulinganisha watoto wake, maneno ya lugha za leo. Kwetu Bulgaria ni bibi arusi, tena ni mke wa mwana. Wapolandi wamelichakaza mpaka likabaki mwanamke tu, yeyote. Asili yake? Mimi nasema: "asiyejulikana". Msichana anaingia nyumba ya watu, anafichwa jina na sauti ili pepo wa nyumba wasimdhuru. Hata kicheche, mwizi wa kuku, tunamwita bibi arusi mdogo, tusije tukamchokoza kwa kumtaja.

Manol, mwalimu mwenzangu wa hesabu, kapita kunywa rakia, pombe yetu kali ya matunda. Yeye anashikilia ni "aliyeletwa upya". Ati neno ambalo hakuna aliyeliona, nathubutuje kuliapia? Nikamwonyesha Rusana, amesimama nyuma ya kiti changu, mikono kifuani. "Ushahidi wangu huyo hapo!" Manol hakucheka. Mkavu yule.

Jumatatu, 23 Novemba

Velika kanijia juu. Nimfungulie mtoto wa watu kinywa, yeye Velika amechoka kuongea na ukuta jikoni. Nikamwambia makala bado, siku chache tu.

"Kwani mkwe umemletea mwanao au umeiletea kamusi yako?" akasema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mzee."

Wanawake na methali zao! Kamen anarudi jioni kutoka kiwanda cha mbao, nywele zimejaa unga wa msumeno. Nikimuuliza, anajibu: uamuzi ni wako, baba. Sijui kama nimemlea vizuri au vibaya.

Jumamosi, 5 Desemba

Birika limemponyoka Rusana. Maji ya moto mkononi – na hakupiga hata kite! Midomo ikawa myeupe, basi. Na mimi nikafanya nini? Nikakaa mezani kuandika: "hata katika maumivu". Velika ndiye aliyekimbilia mafuta. Nilipoinua kichwa, Rusana alikuwa ananitazama, mimi na kalamu yangu. Nimeona haya. Sentensi ile nimeifuta.

Jumatano, 16 Desemba

Makala yamekwisha! Kurasa kumi na moja. Jumamosi ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola, nitamfungulia mezani. Velika katafuta kitambaa cha hariri cha kumpa. Kanikaririsha maneno ya kusema, utadhani mimi ndiye mwanafunzi.

Jumamosi, 19 Desemba

Nimejifungia chumbani mwangu. Samaki yuko mezani, hajaguswa.

Nilisimama, nikampa kitambaa, nikasema kama inavyopasa: "Sema, binti yangu, na uombe utakalo, sitakunyima." Akainama. Akabusu mkono. Velika tayari analia kwa furaha. Kisha sauti – nzito kuliko nilivyodhani. Sauti nzuri.

"Baba, nirudishe kwetu."

Velika akadhani utani. Kamen akauliza: kumsalimu mama yako? Rusana akasema hapana, kukaa. Hakulia. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno siku nyingi. Kwao baba mkwe hufungua kinywa cha bibi arusi wiki haijaisha. Bibi yake alifunguliwa siku ya tatu. Akichelewesha, maana yake bibi arusi hatakiwi, na heri aondoke mwenyewe kabla hajafukuzwa.

"Kila asubuhi nilipokumiminia maji nilijua ni leo," akasema. "Hata siku niliyoungua nilijua ni leo."

Nikasema sikujua. Ni kweli, sikujua! Kurasa kumi na moja, na hilo halimo, wala sijui kama msichana huyu ana dada, wala anapenda kula nini. Nikamwomba anisamehe, mbele ya mke wangu na mwanangu. Akasema amenisamehe. Halafu akasema: "Lakini umesema hutaninyima."

Nikawaambia naenda kuchukua koti. Koti hili hapa, limening'inia mlangoni, na mimi nimekaa naandika. Nikimpeleka, mwanangu anabaki bila mke. Nisipompeleka, neno langu la kwanza kwake litakuwa uongo. Huko ukumbini Kamen anamsihi, na yeye anamjibu – anaongea, anaongea! Velika naye kaingilia. Sasa nyayo zinakuja huku.

Anabisha mlango. Ni yeye.

"Baba," anasema, "uko tayari?"