Viwavi wa Bibi na Matofali ya Chumba Chako

Nyumbani, nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Leo nimeapa moyoni kukuandikia yote, hata yale ambayo Mama angependa yabaki humu ndani. Kwanza, hujambo? Kile kifua kilichokusumbua kimepona? Sisi hatujambo, ila tumechoka. Mama anasema uchovu si ugonjwa, kwa hiyo niandike kwamba sote wazima.

Ukungu wa macho ya Bibi umezidi. Sasa mimi ndiye macho yake, kama ulivyokuwa wewe. Kila asubuhi kabla sijaenda shule ananiuliza, "Macho yangu, wale viwavi wa mti wa uani wanapanda au wanashuka?" Wakipanda, jua litawaka. Wakishuka kutafuta udongo wa kujifukia, mvua haiko mbali. Haya unayajua kuliko mimi.

Usilolijua ni kwamba tangu kiangazi kianze Mama anafyatua matofali ya vyumba viwili: cha Bibi, aache kulala jikoni penye moshi, na chako. Anafyatua akishatoka kufua mashuka ya nyumba ya wageni, mpaka mgongo unagoma kunyooka.

Mwezi uliopita viwavi walishuka wote kwa mkumbo. Bibi akasema mvua. Mama akayafunika matofali yangali mabichi kwa turubai la seremala, akalibana kwa mawe. Mvua haikuja. Tulipofunua, matofali yalikuwa yametoka jasho na kulainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Ndipo tulipokumbuka kwamba siku ile seremala alichoma maranda chini ya mti. Viwavi walikuwa wakikimbia moshi, hawana habari na mawingu. Bibi alicheka kidogo. Mama alikanyaga udongo upya bila kumlaumu mtu.

Juzi wakashuka tena. Safari hii niliuzunguka mti nikinusa moshi, nikakosa. Nilipoingia kumwambia Mama, alikuwa amejilaza mkekani na viatu miguuni.

"Mwambie bibi yako," akasema, macho kayafumba, "viwavi wake wakitaka matofali yafunikwe, waje wafunike wenyewe."

"Nimesikia," Bibi akajibu kutoka jikoni. "Yaliyokufa ni macho, masikio bado yananitii."

Nikaenda mwenyewe kwa seremala. "Leo mmewahoji viwavi vizuri?" akanitania, lakini akanisaidia kulibeba turubai. Nusu alikuwa ameshaikata kufunikia mbao zake, kwa hiyo tulifunika hadi lilipoishia. Jioni mvua ikashuka kama imetumwa. Asubuhi, upande usiofunikwa ulikuwa tope tupu. Mama alisimama mlangoni akitazama, akanishika bega, akaenda kazini.

Sasa mvua imeanza, hakuna kufyatua tena mpaka kiangazi kijacho. Yaliyopona yanatosha chumba kimoja tu, na hapo ndipo maneno yalipo. Bibi anasema kiwe chako, yeye na moshi wameshakuwa mtu na mkwewe, wanastahiana. Mama anasema chumba cha mtu asiyesema anakuja kitalaliwa na buibui. Baada ya hapo hawasemezani, wanapitishiana chumvi kupitia kwangu.

Sikuandikii kukulaumu, Kaka. Najua huko nako kuna ya kwako. Ila kila usiku namsikia Bibi akikohoa, na kila asubuhi anaulizia kama barua imekuja kabla ya kuulizia viwavi.

Bibi anakusalimu sana. Seremala naye, anasema randa lako bado limetundikwa pale pale. Mama hakutuma salamu, lakini ndiye aliyenipa karatasi hii. Mungu akulinde uamkapo na ulalapo.

Nijibu mara tu uisomapo hii, hata kwa mstari mmoja: tujenge chumba cha nani? Yaani, Kaka, unarudi?

Mdogo wako anayekukumbuka kila apitapo mtini,
Macho ya Bibi