Kioo Cheusi cha Kukaushia Samaki

Kanamkemer, Lodwar
9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Omollo,

Ejok! Ndivyo tunavyosalimiana huku. Hujambo? Na shemeji Makena, goti lake limepona? Mimi ni mzima, ila joto limefika digrii thelathini na tisa, hata mbuzi wanagombania kivuli cha duka langu.

Barua yako imenichoma. Eti nimemnyang'anya dada yetu Keziah riziki. Umesikia upande mmoja, kaka. Sikia na wa pili.

Zile paneli za sola nyeusi tii ninazofunga, katikati ya vioo vyake viwili mna utando wa madini ya kadimiamu na teluri, mwembamba kuliko unywele. Huku zinafaa sana. Joto likipanda digrii kumi, paneli za kawaida hupoteza kama asilimia nne ya nguvu; hizi kama tatu tu. Nimefunga ishirini na nne kwenye kanisa la Mchungaji Puok kule Kakuma, na kinanda chao hakizimiki ibada nzima. Mimi huyu, niliyeanza kwa kubeba betri kwa baiskeli!

Zikiwa nzima hazina neno. Zikipasuka, kadimiamu ni sumu. Vumbi lake likiingia mwilini hukaa kwenye figo miaka na miaka, na mifupa hudhoofika. Kuzichoma ndiyo balaa zaidi, moshi wake unaua mapafu.

Sasa Keziah aliokota tatu zilizovunjwa na upepo, akazilaza ufuoni mwa Ziwa Turkana, pale Ferguson's Gulf, akaanika samaki wa chumvi juu yake. Kweli kioo cheusi kinawaka: samaki hukauka siku moja badala ya tatu. Lakini kwenye nyufa utando ulikuwa unamenyeka, na chembe nyeusi zimeganda kwenye minofu. Nilipozichukua alinifokea mbele ya wavuvi, "Wee Levis, jua la Turkana umelinunua?"

Nikamweleza habari ya sumu, kisha nikamuuliza, gunia la samaki lililokwisha jaa linaenda kwa nani? Lilikuwa lako, kaka. La watoto wako.

Gunia na vioo nimevifungia kwenye pipa, hadi kampuni iliyoniuzia ije kuvichukua. Keziah sasa anazunguka ufuoni akiwaonya wenzake kwa ukali uleule alionipa mimi. Najivunia dada yetu. Nimemjengea uchanja wa waya, samaki wakauke siku zao tatu.

Msalimie Makena, na Mama ukimpigia. Mungu awape afya isiyo na nyufa. Gunia jipya linakuja na basi la Ijumaa. Samaki wa hilo mle bila wasiwasi.

Mdogo wako akupendaye,
Levis