Saumu za Ayeeyo Ugbad

Balambala,
Kaunti ya Garissa.
24 Januari 2026

Mpendwa mpwa wangu Hani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta huko Johannesburg ukiwa na afya, mumeo Alio akiwa salama dukani, na mtoto akiwa ameachwa na kile kikohozi ulichokitaja. Nijibu kuhusu kikohozi hicho, tena kwa sentensi kamili. Ujumbe wako wa mwisho haukuwa na hata nukta moja.

Sisi tu hai, alhamdulillahi. Mvua ya vuli ilinyesha siku nne ikakoma. Mto umerudi nyuma, na wenye mifugo wameanza kuisogeza.

Nakuandikia kwenye karatasi, tena kwa Kiswahili, kwa sababu mama yako hakisomi, na simu yangu hushikwa na kila mtu hapa nyumbani. Jirani yetu Muse anarudi huko Jumanne, atakukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Novemba, mama yako Idman amekuwa akifunga kila Jumatatu na Alhamisi. Watu wanamsifu. Wanasema dada yangu amerithi ucha Mungu wa marehemu mama yetu, ayeeyo wako Ugbad, Mungu amrehemu. Mimi nikiwasikia, mwili hunisisimka.

Unaukumbuka mwaka ule kabla ya kumpeleka ayeeyo wako hospitali. Mama alifunga siku mbili kwa wiki, kisha tatu, kisha tukaacha kuhesabu. Jioni alifuturu kwa tende moja, akiitafuna muda mrefu huku midomo ikidhikiri. Wanawake walimletea watoto wao awaombee dua. Nami, nisiyependa majivuno, nilijivuna msikitini kwa ajili yake. Ndipo siku moja mke wangu Saynab, akiufua mtandio wa mama, alipokuta fundo pindoni. Ndani yake mlikuwa na tende kumi na moja zilizotafunwa. Hata moja haikuwa imemezwa.

Daktari wa Garissa alisema ni saratani ya koo, na kwamba tumechelewa. Mama hakutikisika. Alimwambia, "Daktari, koo hili niliazimwa. Mwenyewe akilitaka, nilifiche wapi?" Daktari alicheka, kisha akageukia dirishani.

Aliishi miezi kumi na minne akilishwa kwa mpira uliotiwa tumboni, na hakuacha sala hata moja. Nilipomsihi apumzike, alininong'oneza, "Guleid, umewasahihisha watoto wa watu miaka thelathini. Dua yangu niachie na makosa yake." Imani yake ilikuwa ya kweli. Siandiki haya ili kuipunguza.

Lakini mimi na wewe tulisikia neno jingine, asubuhi ile wodini, ulipokuwa ukimpangusa midomo. Alisema hakufunga kwa ajili ya Mungu peke yake. Alifunga kwa sababu chakula hakikupita, naye aliogopa kuambiwa jina la ugonjwa wake. Akatuomba tusimwambie mtu, tukakubali. Tulidhani tunailinda heshima yake. Sasa ni miaka mitatu. Tulikosea, Hani, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale.

Wiki iliyopita nilimweleza mama yako ukweli. Alisimama wima. "Walaal, ndugu yangu, unamchafua mama kaburini? Nani mwingine alisikia?" Nilipokutaja wewe, alicheka. "Hani? Hani angeniambia siku ile ile. Nenda ukasahihishe madaftari, mwalimu." Tangu hapo hanisalimu ila mbele ya wageni.

Nimemtazama. Hunywa chai iliyopoa, kwa kijiko. Mifupa ya shingo imetokeza. Akimeza, hufumba macho. Huenda si ugonjwa ule. Mimi si daktari. Naomba niwe nimekosea, dua ambayo sijawahi kuiomba maishani.

Ramadhani itaingia baada ya wiki tatu na siku chache. Ikishaingia, sote tutafunga, wala hatutaweza kumtofautisha asiyekula na asiyeweza kula. Ni mwezi mzima. Kwa hiyo usingoje. Siku utakayoipokea barua hii, mpigie mama yako, si mimi. Mwambie ulichokisikia wodini, kwa maneno ya bibi yako, bila kupunguza hata moja. Atakukasirikia, mwache akasirike. Kisha mwambie aende Garissa pamoja nami. Rafiki yangu Abdille ameahidi gari lake siku yoyote.

Kuhusu ahadi tuliyompa marehemu, nimemuuliza Sheikh Yakub. Amesema siri ya aliyekufa haitunzwi kwa roho ya aliye hai. Kama kuna dhambi, naibeba mimi.

Leo ni Jumamosi, na hakuna aliyefunga. Mchana huu Saynab alitupakulia wali na nyama. Mama yako aliinuka na sahani yake, akasema atakula nje kwenye upepo. Baada ya kitambo nilimfuata. Mbuzi walikuwa wakiilamba sahani, naye amesimama kando yao. Aliponiona hakunikemea. Aliweka kidole mdomoni, akanitazama kama mtoto anayeomba asisemwe.

Saynab na binti yangu Kaaha wanakusalimu sana. Msalimie Alio, umbusu mtoto. Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi na moyo mgumu kwa siku moja hiyo, na atukutanishe sote tukiwa wazima.

Mjomba wako akupendaye,
Guleid