Picha ya Treni ya Papa Ilunga

Mama Profesa,

Siwezi kutulia. Naandika mistari miwili, nasimama, naenda dirishani kutazama kama kamioni ya Lubumbashi imefika, narudi. Weye ungeniambia, "Ikala chini, mutoto, kiti haiume." Leo kinauma, Mama.

Tangu tukuzike, mimi mwanafunzi wako ndiye naongoza makumbusho haya. Kwa muda tu. Komite itanithibitisha nikiwatii, na wanataka jambo moja: picha zisirudi tena kwa wenyewe, hata kwenye kilio.

Zile za kuchorwa za saloni, sebule za mtaa wa Kikula, Mama. Ulifundisha chuo kikuu hadi mvi, ukaitwa Ulaya kuzisemea, lakini ulipofungua makumbusho hukununua hata moja. Uliziazima kwa wenyewe, ukawapa neno: nyumba ikipata kilio, picha inarudi, inatundikwa, wafiwa wanakaa chini yake wakimsimulia marehemu. Wakubwa wakakucheka, makumbusho gani yenye kuta tupu! Ukawajibu, "Batu banakufa. Munataka nibakataze?"

Sasa kuna maonyesho Ulaya, na komite imechagua picha ya treni tuliyoazima kwa Papa Ilunga, yule mzee wa Kikula. Kamioni inaifuata leo. Na leo hii asubuhi binti yake ameingia, kitambaa cheusi kichwani. "Papa alishakufa. Nakuya kutwaa picha."

Mama, nilikukasirikia! Nasema wazi. Ulitoa neno, ukaondoka zako, ukaniachia mimi mzigo wake. Niko na watoto wa kusomesha. Nilimwambia angoje. Akaketi kwenye benchi, hakulalamika, akasema tu, "Profesa alituambia." Basi hapo nikashindwa. Nilimfikiria Papa Ilunga alivyokuja kwenye kilio chako kwa miguu, na pumzi yake ile iliyoharibika kiwandani, akalia kuliko sisi wote.

Nikaitoa ukutani mwenyewe. Tumeifunga kwa kikwembe changu cha kitenge, ameondoka nayo kwa teksi.

Kazi sijui kama nitabaki nayo. Nakukumbuka, Mama, mpaka nachoka. Pumzika. Nakuahidi, siku zote nitakazokuwa na ufunguo huu, neno lako halitavunjwa.

Kamioni hiyo, inapiga honi. Nashuka kuwaambia: anayeitaka picha aende Kikula, atoe pole kwanza, akae na wafiwa, asikilize.

Mwanafunzi wako,
Béatrice